Daumier: Mchoraji Aliyefungwa kwa Ajili ya Picha

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga, na watu walio wengi hapa duniani humpisha. Lakini katika kila zama hutokea mtu mmoja au wawili wanaokataa kupisha. Hawana misuli wala mizinga. Macho yao yameona jambo, na nafsi zao haziwapi ruhusa ya kunyamaza. Mmoja wa watu wa namna hiyo alikuwa Mfaransa aliyeitwa Honoré Daumier. Silaha yake ilikuwa kipande cha chaki nyeusi yenye mafuta na bamba la jiwe. Kwa silaha hiyo alipambana na mfalme mmoja na kaisari mmoja, pamoja na mahakimu, mawakili, mabepari na wanafiki wa kila aina, kwa muda wa miaka ipatayo 40. Alipokufa hakuacha mali. Aliacha picha za kuchapwa kwa jiwe zikaribiazo 4,000, na picha za rangi ambazo leo zinatunzwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Amerika.

Leo tumekusudia kumsimulia msomaji habari za maisha na kazi ya mtu huyu. Huenda msomaji akauliza: mwanajeshi na picha wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mojawapo ya picha kubwa kabisa alizochora Daumier inahusu matendo ya askari, na sisi tuvaao sare hatuwezi kuipita huku tumefumba macho. Picha hiyo tutaifikia kwa zamu yake. Kwanza na tuanze na mtoto wa fundi vioo.

MTOTO WA FUNDI VIOO

Daumier alizaliwa tarehe 26 Februari 1808 mjini Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa kwenye pwani ya Mediterania. Baba yake, Jean-Baptiste, alikuwa fundi wa kutia vioo madirishani. Lakini fundi huyu alikuwa na ugonjwa usio na dawa: alipenda kutunga mashairi. Akaiacha Marseille akaenda Paris kutafuta sifa ya utunzi, na mwaka 1816 mkewe na watoto wakamfuata. Sifa haikupatikana. Iliyopatikana ni dhiki ya mji mkuu, ile dhiki imwandamayo kila mtu aliyehamia mjini akiwa na matumaini mengi na fedha kidogo.

Kwa hiyo mtoto Honoré hakukaa sana darasani. Angali mdogo aliajiriwa kuwa tarishi wa ofisa wa mahakama, mmoja wa wale wapelekao hati na kukamata mali za wadaiwa. Baadaye alifanya kazi katika duka la vitabu huko Palais-Royal, mahali palipokuwa na msongamano mkubwa wa watu wa kila tabaka. Ajira hizo mbili hazikumpa utajiri, lakini zilimpa kitu ambacho hakuna chuo kingeweza kumfundisha. Katika ile ya kwanza aliona jinsi sheria inavyomtazama maskini. Katika ya pili aliona jinsi wenye nacho wanavyotembea, wanavyocheka na wanavyovaa kofia zao. Mambo yote mawili aliyaweka akilini, na baada ya miaka mingi aliyatoa yakiwa picha.

Rafiki mmoja wa jamaa yake, mtaalamu wa mambo ya sanaa aitwaye Alexandre Lenoir, alimpa mafunzo ya kwanza ya uchoraji. Lakini kijana alihitaji mkate, na mkate haungojei mtu afuzu. Ndipo akajifunza kazi mpya iliyokuwa imeingia Ufaransa siku zile, kazi ya kuchapa picha kwa jiwe, iitwayo litografia.

JIWE, MAFUTA NA MAJI

Ni vema tueleze kazi hiyo, maana bila ya kuielewa hatutamwelewa Daumier. Iligunduliwa na Mjerumani aitwaye Alois Senefelder katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na msingi wake ni jambo ambalo kila mpishi analijua: mafuta na maji havipatani. Mchoraji huchukua bamba la mawe ya chokaa lililosuguliwa likawa laini, akachora juu yake kwa chaki yenye mafuta. Kisha jiwe hulowanishwa kwa maji. Mahali pasipo na mchoro hunywa maji. Penye mchoro huyakataa. Halafu hupitishwa wino wenye mafuta, nao hushika palepale penye mchoro tu. Karatasi ikilazwa juu ya jiwe na kugandamizwa kwa mashine, picha hutokea.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kabla ya hapo, ili picha ipate kuchapwa ilibidi fundi aichonge katika shaba au mbao, kazi iliyochukua siku nyingi. Kwa litografia mchoraji alichora kwa mkono wake mwenyewe kwa haraka kama anavyochora katika karatasi, na nakala nyingi zikatoka. Jambo lililotokea bungeni juma hili liliweza kuonekana dirishani mwa duka la picha kabla watu hawajalisahau. Na katika nchi ambayo raia wengi walikuwa hawajui kusoma, picha ilifika mahali ambapo makala haifiki. Watawala walilitambua hilo upesi, kama tutakavyoona.

MFALME MWENYE KICHWA CHA TUNDA

Mwezi wa Julai 1830 wananchi wa Paris walipindua utawala wa Mfalme Charles wa Kumi kwa mapigano ya siku tatu. Badala ya jamhuri waliyoitarajia, wengi wao walijikuta wamepata mfalme mwingine, Louis-Philippe, aliyeungwa mkono na wenye mabenki na matajiri. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wanaume waliolipa kodi kubwa tu, watu wasiozidi laki mbili na nusu katika taifa lenye mamilioni zaidi ya 30. Mwanzoni mfalme huyu aliahidi uhuru wa magazeti. Mtu mmoja aitwaye Charles Philipon akaishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1830 alianzisha gazeti la picha za dhihaka liitwalo La Caricature, na mwaka 1832 akaanzisha la kila siku, Le Charivari. Akawakusanya vijana hodari wa kuchora, na miongoni mwao alikuwamo Daumier.

Philipon ndiye aliyewafundisha Wafaransa kumwona mfalme wao katika umbo la pea, tunda la nchi za baridi lililo jembamba juu na nene chini. Aliposhtakiwa mwaka 1831, alichora mbele ya mahakama michoro minne: wa kwanza ni uso wa mfalme, wa mwisho ni tunda, na ile ya katikati inabadilika kidogo kidogo. Akauliza ni mchoro upi hasa ulio wa hatia. Alihukumiwa hata hivyo, lakini kuanzia hapo pea zilichorwa katika kuta za Ufaransa nzima, wala serikali haikuweza kulikamata tunda.

Mwezi wa Desemba 1831 Daumier, akiwa na umri wa miaka 23, alichora picha aliyoiita Gargantua, jina la jitu mlafi katika hadithi ya zamani ya mwandishi Rabelais. Katika picha hiyo Louis-Philippe ameketi kitini, mkubwa kama mlima. Ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na wachukuzi wanapanda wakiwa na vikapu vya fedha ambazo maskini waliokonda wanazitoa chini. Fedha zinaingia kinywani. Na chini ya kiti, ambacho kwa kweli ni kiti cha chooni, zinadondoka nishani na hati za vyeo, na waheshimiwa wanaziokota. Ukali wa picha hiyo haukuhitaji maelezo. Kodi za wanyonge zililiwa na mfalme, zikatoka zikiwa vyeo vya marafiki zake.

Mwezi wa Februari 1832 mahakama ilimhukumu Daumier kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Kifungo hakikutekelezwa papo hapo, pengine kwa kutumaini kwamba kijana ataogopa. Hakuogopa; aliendelea kuchora. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo alikamatwa nyumbani kwa wazazi wake akapelekwa katika gereza la Sainte-Pélagie, na baadaye akahamishiwa katika nyumba ya kutibia wagonjwa wa akili kumalizia kifungo chake. Alitoka Februari 1833.

Gereza halikumfunga macho. Katika miaka hiyo alikuwa akifinyanga kwa udongo vichwa vidogo vya wabunge na mawaziri, pua zao, mashavu yao na usingizi wao, kisha akavipaka rangi. Vichwa 36 kati ya hivyo vipo mpaka leo katika makumbusho ya Orsay mjini Paris. Mwezi wa Januari 1834 aliwapanga waheshimiwa wa namna hiyo wote pamoja katika picha moja iitwayo Tumbo la Bunge: safu juu ya safu za wanaume wanene, wengine wamelala, wengine wananong'onezana, na hakuna hata mmoja mwenye dalili ya kuwakumbuka waliobaki nje.

NYUMBA NAMBA 12

Sasa tumefika penye picha tuliyoiahidi.

Mwezi wa Aprili 1834 wafuma hariri wa mji wa Lyon waliinuka kudai haki zao za ujira na za kuunda vyama. Jeshi liliwashinda baada ya mapigano ya siku kadhaa. Habari zilipofika Paris, wafuasi wa jamhuri waliweka vizuizi mitaani. Askari wa miguu walitumwa kuviondoa. Katika mtaa uitwao Transnonain, ofisa mmoja alipigwa risasi, na askari wakaamini kwamba risasi ilitoka katika dirisha la nyumba namba 12. Wakavunja mlango. Wakapanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, wakawaua wakazi kwa bunduki na singe. Watu wapatao kumi na wawili walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Wanasheria wa upande wa jamhuri, wakiongozwa na Ledru-Rollin, walikusanya ushahidi wa walionusurika wakauchapisha, ili pasiwe na wa kusema kwamba jambo hilo halikutokea.

Daumier aliichora habari hiyo akaiita Rue Transnonain, tarehe 15 Aprili 1834. Ilitolewa katika mfululizo wa picha ambazo Philipon aliwauzia wanachama wake ili kulipia faini za magazeti yake. Na hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie kidogo, atazame pamoja nasi.

Ni chumba cha kulala cha watu wa kawaida. Kitanda kimevurugika, kiti kimeanguka. Mwanamume aliyevaa kanzu ya kulalia na kofia ya usiku ameteleza kutoka kitandani, amekaa sakafuni huku mgongo wake ukiegemea godoro, naye amekufa. Chini ya mwili wake mna mtoto mchanga. Kichwa cha mtoto kina damu. Upande wa kushoto, gizani, amelala mwanamke. Upande wa kulia, ukingoni mwa picha, kinaonekana kichwa cha mzee. Vizazi vitatu vimo katika chumba kimoja. Hakuna bendera wala bunduki. Hakuna askari hata mmoja. Askari wamekwisha kuondoka, na mtazamaji ndiye mtu wa kwanza kuingia.

Mchoraji mdogo kwa Daumier angalitupa askari wenye nyuso za mashetani, nasi tungalifarijika, tukasema kwamba wale walikuwa mashetani na sisi si wao. Daumier hakutupa faraja hiyo. Amemwacha mtazamaji peke yake na matokeo ya kazi.

Picha ilipotundikwa katika dirisha la duka la mchapishaji, watu walisongamana kuitazama. Polisi wakakamata jiwe lililoichapa pamoja na nakala walizoweza kuzipata. Zilizobaki leo ni chache na thamani yake ni kubwa. Mtaa wenyewe ulipoteza jina lake mwaka 1851, ukaunganishwa na mtaa wa Beaubourg. Jina la Transnonain halikusalia katika kibao cha mtaa. Limesalia katika picha.

NENO LETU SISI WENYE SARE

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi tulifundishwa ramani za vita vingi vya Wafaransa: mishale myekundu na mishale ya buluu, vilima, mito na majina ya majenerali. Picha hii hatukuonyeshwa. Tuliiona miaka kadhaa baadaye, katika kitabu kilichochakaa, na tukakiri kwamba ilitufundisha jambo ambalo mishale haikutufundisha.

Tuseme kweli yote, ili tusimwonee mtu. Askari wale walikuwa wamekesha. Ofisa wao alikuwa amepigwa mbele ya macho yao na mtu wasiyemwona. Kila aliyewahi kuwa katika kikosi kilichompoteza mwenzake anaijua ile hasira ipandayo kooni, na anajua jinsi sekunde zile zinavyoondoa sura katika nyuso za watu, hata kila aliyemo ndani ya nyumba akaonekana kuwa ndiye aliyefyatua. Hasira hiyo ni ya kibinadamu. Lakini nidhamu ya jeshi iliwekwa kwa ajili ya sekunde zilezile, wala si kwa ajili ya gwaride. Siku ya gwaride hata mtu asiye na nidhamu aweza kusimama sawasawa. Ni mbele ya mlango uliofungwa, risasi ikiwa imekwisha kutoka na hasira imekwisha kupanda, ndipo hujulikana kama kuna ofisa pale au kuna kundi tu lenye bunduki.

Tena, sisi ambao kazi yetu ni kuandika taarifa za jeshi tuna fungu letu katika picha hii. Tunajua jinsi ilivyo rahisi kuandika sentensi moja fupi kwamba vikosi vimerudisha utulivu katika mtaa fulani. Sentensi hiyo yaweza hata kuwa ya kweli, maana mtaa umetulia. Ila chumba hakimo ndani yake. Daumier alichofanya ni kukirudisha chumba katika taarifa.

Jenerali Bugeaud, mmoja wa waliowaongoza askari mjini Paris siku zile, alibandikwa jina la mauaji hayo na umma mpaka mwisho wa maisha yake, ingawa wapo wanahistoria wasemao kwamba mtaa ule haukuwa katika sehemu aliyoiongoza yeye. Lakini yaliyofuata hayana shaka. Kuanzia mwaka 1841 alitawala Aljeria akiwa gavana mkuu, na huko aliwapiga Waarabu na Waberberi kwa njia ya kuchoma mazao na kuteketeza vijiji. Mwaka 1845, chini ya utawala wake, Kanali Pélissier aliwasha moto penye midomo ya mapango ya Dahra, na mamia ya watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wakiwamo, wakafa kwa moshi. Waafrika wale hawakupata Daumier wao wa kuwachora. Nasi tunaosoma habari hizi katika bara hilihili hatuwezi kuziona kuwa ni habari za Ulaya tu.

MLANGO UKIFUNGWA, HUPITA DIRISHANI

Mwezi wa Julai 1835 mtu aitwaye Fieschi alijaribu kumwua mfalme kwa mtambo wenye mitutu mingi ya bunduki, akaua watu kadhaa waliokuwa karibu naye. Serikali ikapata sababu iliyoitafuta. Kwa sheria za Septemba mwaka huo, picha yoyote ilihitaji kibali kabla ya kuchapwa, na dhihaka ya kisiasa ikakoma. La Caricature likafa. Daumier akabaki na Le Charivari, naye akageuza macho kutoka ikulu akayaelekeza mitaani.

Kwa ushirikiano na Philipon alimchora Robert Macaire, laghai avaaye nguo za kifahari zilizochanika, ambaye leo ni mfanyabiashara, kesho ni wakili, keshokutwa ni daktari, na siku zote ni mwizi. Picha zaidi ya 100 zilitoka katika mfululizo huo. Kisha kati ya miaka 1845 na 1848 alitoa mfululizo juu ya watu wa mahakama. Yule tarishi wa zamani alikuwa hakusahau kitu. Mawakili wake wanalia machozi ya kununuliwa, wakitoka nje wanapeana mikono, hakimu anasinzia, mteja, ambaye ndiye mwenye maumivu, ndiye peke yake asiyejua mchezo unavyochezwa.

Hakuwa malaika. Mwaka 1844 aliwadhihaki wanawake waliojishughulisha na uandishi, akiwaonyesha kama watu waliotelekeza watoto na nyumba, na dhihaka hiyo leo haichekeshi. Mtu aonaye vizuri dhuluma ya mfalme aweza kabisa kutoiona iliyomo chumbani mwake. Twalitaja hili kwa kuwa sifa isiyo na kasoro ni ya waliokufa katika hotuba, na Daumier anastahili zaidi ya hotuba.

Mwaka 1848 wananchi waliinuka tena, na Louis-Philippe akakimbilia Uingereza. Serikali mpya ikatangaza shindano la kuichora Jamhuri. Daumier alitoa mchoro wa rangi: mwanamke mwenye nguvu ameketi akishika bendera, watoto wawili wananyonya maziwa yake, na wa tatu yuko miguuni pake anasoma kitabu. Chakula na elimu, ndiyo jamhuri nzima. Mchoro ulichaguliwa miongoni mwa iliyotakiwa kukamilishwa, lakini hakuukamilisha. Na jamhuri yenyewe haikudumu. Daumier alimwona adui wake akija, akafinyanga sanamu aliyoiita Ratapoil: mtu mwembamba, mwenye masharubu, koti kuukuu na rungu mkononi, mfano wa wapiga debe wa Louis-Napoleon Bonaparte. Tarehe 2 Desemba 1851 Bonaparte alipindua katiba, na mwaka uliofuata akajiita kaisari. Sanamu ile ilibidi ifichwe.

BEHEWA LA DARAJA LA TATU

Mkewe Daumier, Alexandrine Dassy, alikuwa mshona nguo. Waliishi katika kisiwa cha Saint-Louis katikati ya mto Seine, ghorofani, na kutoka pale mchoraji aliwaona kila siku wanawake wafuao nguo mtoni. Alitamani tangu zamani kuacha mawe na kuchora kwa rangi za mafuta. Mwaka 1860 gazeti lilimwachisha kazi kwa kuwa wasomaji walikuwa wamemchoka, na katika miaka hiyo ya dhiki, mpaka aliporudishwa karibu na mwisho wa 1863, alichora baadhi ya kazi zake bora.

Mojawapo ni ile ya mfua nguo, iliyoko Orsay. Mwanamke mnene anapanda ngazi za mtoni akiwa amekumbatia furushi la nguo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamsaidia mtoto wake mdogo, ambaye ngazi kwake ni ndefu mno. Uso wa mama hauonekani vizuri. Mgongo wake ndio usemao.

Nyingine ni Behewa la Daraja la Tatu, ambayo ipo katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa treni katika viti vya mbao ataitambua mara moja. Bibi mzee ameshika kikapu chake mapajani, mikono imekunjwa juu ya mpini. Kando yake mama kijana ananyonyesha, na mvulana amelala. Nyuma yao vichwa vimebanana. Hakuna atendaye jambo lolote, wanasafiri tu. Lakini mchoraji amewapa watu hawa heshima ambayo wachoraji wa zamani waliwawekea wafalme na watakatifu. Picha yenyewe haikumalizika. Mistari aliyopiga kwa ajili ya kuihamisha inaonekana mpaka leo.

Daumier ni mmoja wa wale waitwao wachoraji wa uhalisi, pamoja na Courbet na Millet. Uhalisi huo haukuwa kunakili kila kifungo cha shati. Ulikuwa uamuzi kwamba mfua nguo na abiria wa daraja la tatu wanastahili kutazamwa.

SINGE NA KABURI

Mwaka 1866 alichora dunia ikiwa imeshikiliwa juu ya ncha za singe, akaiita Mizani ya Ulaya. Miaka minne baadaye mizani hiyo ilianguka. Vita vya Wafaransa na Waprusia vya 1870 na 1871 viliangusha dola ya Napoleon wa Tatu, na Daumier, sasa mzee mwenye macho yaliyoanza kufifia, akatoa picha ambazo hazina kicheko hata kidogo. Katika moja yake, iliyochapwa Januari 1871, mwaka mpya unaonekana kama mwanamke aliyejifunika nguo nyeusi, amesimama mbele ya uwanja uliojaa maiti mpaka upeo wa macho, ameficha uso wake. Urithi aliopewa umemtisha. Huko nyuma Daumier alikuwa amechora chumba kimoja. Sasa alichora uwanja mzima, kwa uchache uleule wa maneno.

Kabla ya dola hiyo kuanguka ilitaka kumpa nishani ya heshima. Aliikataa kimya kimya, bila kuitangazia dunia. Aliyewahi kuchora nishani zikidondoka chini ya kiti cha mfalme asingeweza kuivaa mojawapo kifuani.

Kazi yake ya mwisho ya jiwe ilitoka mwaka 1872. Aliishi katika kijiji cha Valmondois, kaskazini mwa Paris, akisaidiwa na rafiki zake, mmojawapo akiwa mchoraji Corot, na baadaye kwa posho ndogo ya serikali. Mwaka 1878 marafiki walifanya maonyesho ya picha zake za rangi mjini Paris, mwandishi mashuhuri Victor Hugo akiwa rais wa heshima. Wajuzi walistaajabu, umma haukuja, wala mapato hayakutosha gharama. Daumier alikuwa karibu kipofu. Alifariki Februari 1879, siku chache kabla ya kutimiza miaka 71, akazikwa kwa fedha za serikali katika mazishi ya kimaskini. Mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa katika makaburi ya Père-Lachaise mjini Paris, karibu na rafiki yake Corot.

Mahakimu waliomfunga, nani awakumbukaye majina? Nyumba namba 12, hata hivyo, mlango wake ungali wazi. Kila mwenye kuitazama picha ile huingia, huona kiti kilichoanguka, na hutoka akiwa na swali moja ambalo kila mwenye sare anapaswa kulijibu kabla ya siku yake haijafika, maana siku yenyewe ikifika hapatakuwa na wakati wa kufikiri: mlango ukivunjika mbele yako, nawe ndiye mkubwa wa kikosi, utasema neno gani?